Vyuma mgongoni, kufunguliwa neva tu, au fizio kwanza: unachagua aje?

Kama umetoka kwa daktari na bahasha kubwa ya picha za MRI kwapani na umeambiwa "tutaunganisha L4 na L5", yaani pingili mbili za mgongo wa chini, ngoja kwanza kabla ufungue grupu ya WhatsApp ya mchango. Sisemi operesheni ni mbaya, kuna watu wanatembea hapa mjini sai na hivyo vyuma na wamesahau kama wanavyo. Shida ni kwamba mgongo wa chini una njia tatu na wagonjwa wengi wanasikia moja tu, ile iliyotajwa siku hiyo kwa dakika kumi. Kuna kukaa na fizio na dawa bila kisu. Kuna operesheni ndogo, unatolewa kile kinachofinya neva na mifupa inaachwa huru. Halafu kuna ile kubwa, pingili mbili au zaidi zinafungwa kwa skrubu na vyuma na mfupa wa kupandikiza ili ziwe kitu kimoja. Niseme mapema mimi ni mtu wa fizio, nashinda na migongo ya watu kutoka asubuhi, kwa hivyo ukiona naegemea upande fulani ushajua ni kwa nini.

Kabla ya kulinganisha chochote, hili: ukianza kufa ganzi sehemu za siri na pale unapokalia, mkojo ukakataa kutoka ama ukatoka bila habari, choo pia, au mguu unazidi kulegea kila siku, hapo hakuna cha kuchagua, enda kasualti usiku huo huo. Neva za chini zikifinywa zote pamoja na mtu akachelewa, zinaweza kufa zisirudi. Na mtu mwenye homa za jioni, jasho usiku, kilo zinashuka, mgongo unauma hata akilala, huyo aangaliwe TB ya mgongo, bado tuko nayo hapa Kenya na dawa zake ni bure kwa hospitali za serikali, unameza mwaka mzima hivi, na kati yao kuna wengine kweli watahitaji vyuma kwa sababu mfupa umeliwa hadi mgongo ukapinda.

Unaumwa na mguu ama ni mgongo?

Hili swali linagawanya watu kushinda jina lolote lililoandikwa kwa ripoti. Maumivu yakitoka kwa tako yakashuka nyuma ya paja hadi kwa unyayo, ukikohoa yanaongezeka, vidole vinakufa ganzi, hayo ni ya neva iliyofinywa, wengi wanaita sayatika, na neva iliyofinywa inaweza kufunguliwa. Kuna pia wazee ambao wakitembea kutoka steji hadi sokoni miguu inakuwa mizito na inawaka, wakikaa ama wakiinama kidogo wanapata nafuu, hapo njia ya neva imekuwa nyembamba. Hao wawili operesheni ina kitu cha kuwafanyia.

Lakini mgongo wenyewe tu, pale kiunoni, mguu hauna shida, unauma ukikaa sana kwa dawati, unauma ukiamka, hapo ni kugumu. Diski, ule mto ulio kati ya pingili na pingili, inaweza kuwa ndiyo inauma, misuli pia, vile viungo vidogo vya nyuma pia, na hakuna picha inayoonyesha maumivu. Mwaka wa 2015 watafiti walikusanya picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo, wakapata diski zimechakaa kwa 37% ya wale wa miaka 20 na 96% ya wale wa miaka 80. Kwa hivyo ripoti ikiandika diski ya L5-S1, ile ya chini kabisa, imechakaa, hiyo peke yake haitoshi kukupeleka thieta.

Kitu kingine ambacho watu hawaambiwi ni kwamba MRI kwa kawaida unapigwa ukiwa umelala chali. Pingili inayoteleza inaweza kukaa vizuri kabisa ukilala halafu isogee mbele ukisimama. Ndio maana kabla mtu akubali vyuma napenda aulize, hata kwa maneno haya haya: "Daktari, naomba nipigwe eksirei nikiwa nimesimama, nikiinama mbele na nikijikunja nyuma, tuone kama pingili zinacheza." Eksirei bei yake ni kidogo ukiweka kando ya MRI na ndiyo inaonyesha mwendo. Daktari anayejua kazi yake hatakasirika kuulizwa, mara nyingi utapata alishaziagiza.

Juu vyuma viliundwa kwa ajili ya hicho, kitu kinachocheza ama kilichovunjika ama kilichopinda. Ukishika hiyo, mengine yote chini hapa yatakuingia haraka.

Bila kisu

Fizio ya maana si kulala kitandani uwekewe mashine ya joto na ya umeme, ulipe, uende. Hiyo inatuliza jioni moja. Ya maana ni wewe kufanya kazi, kuimarisha misuli ya tumbo na ya makalio, kutembea zaidi kila wiki, kujua vile utainua mtungi bila kuogopa, na pia kurudi kazini mapema hata kama bado kunauma kidogo. Na hapo ndipo watu wengi wanasema "nilijaribu fizio ikakataa", unamuuliza alienda mara ngapi anasema mbili tatu, na nyumbani hakufanya zoezi hata moja.

Kwa sayatika ya diski iliyotokeza, wengi wanapata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kupasuliwa, na kile kipande cha diski mara nyingi kinasinyaa chenyewe, mwili unakila. Waholanzi walichapisha utafiti mwaka wa 2007 wa wagonjwa 283 wenye sayatika kali, nusu wakapasuliwa mapema na nusu wakaambiwa wavumilie. Waliopasuliwa walipona haraka zaidi, hiyo ni kweli na kama maumivu hayakuachi ulale si kitu kidogo. Lakini mwaka ulipoisha, kila upande karibu 95% walikuwa wamepona. Na 39% ya wale wa kuvumilia walishindwa njiani wakapasuliwa, kwa hivyo usifikirie kungoja ni rahisi.

Mkandaji wa mtaa? Kukandwa misuli kwa upole sina neno. Kukanyagwa mgongo, ama kuvutwa mpaka mgongo ulie "kwa!", na una ganzi mguuni, hapana.

Kufunguliwa neva bila kuunganishwa

Hii iko aina mbili kubwa. Kwa kijana mwenye diski iliyotokeza, daktari anaingia kwa kidonda kidogo anatoa kile kipande kinachogusa neva. Kwa mzee mwenye njia nyembamba, anachonga mfupa na kano zilizonenepa, zile zinazoshika pingili pamoja, ili neva zipumue. Wengi wanaenda nyumbani kesho yake ama siku mbili tatu, kazi ya kukaa ofisini wiki 2 hadi 4 hivi, kazi nzito miezi miwili mitatu. Maumivu ya mguu huwa yanapungua haraka, wengine wanaamka tu na mguu umetulia. Ganzi inachelewa, inaweza kuchukua miezi, na ingine haiishi.

Ubaya wake ni kwamba diski inaweza kutokeza tena pale pale, inatajwa ni kama watu 5 hadi 10 kati ya 100. Na daktari akilazimika kuchonga mfupa mwingi sana, pingili inaweza kuanza kucheza baadaye, halafu vyuma vinarudi mezani.

Kuwekwa vyuma

Sasa ile yenyewe. Karatasi ya daktari inaweza kuwa na herufi kama PLIF, TLIF, ALIF, hizo ni njia za kuingilia tu, mbili za kwanza ni kupitia mgongoni na ya mwisho ni kupitia tumboni. Diski inatolewa, mahali pake panawekwa kijisanduku kilichojazwa mfupa, halafu skrubu zinaingia kwenye pingili ya juu na ya chini na zinafungwa na fito mbili. Watu wanafikiria chuma ndicho kinashika mgongo maisha yote. Ukipita mjengo wowote Kileleshwa utaona slabu imeshikiliwa na miti chini mpaka zege ikauke, na vyuma vya mgongo ni hiyo miti, isipokuwa kwa kawaida haitolewi. Kazi ya kubeba ni ya mfupa wako ukishaota katikati, na huo unachukua miezi 3 hadi 6, wengine mwaka. Mfupa ukikataa kuota, skrubu zinalegea ama zinavunjika baadaye, na uko operesheni ya pili.

Ndio maana mvutaji sigara ananipa wasiwasi kushinda mzee wa miaka 70. Nikotini inazuia mfupa kuota, na simaanishi sigara peke yake, kuna vape, kuna kuber ile tumbaku ya kuweka mdomoni, kuna vile vifuko vya nikotini vijana wanaweka kwa ufizi na wanasema hawavuti. Zote mwili unaziona ni nikotini. Acha angalau wiki 4 hadi 6 mbele na uendelee kuacha miezi baada. Sukari pia ishuke kwanza, kidonda cha mtu ambaye sukari iko juu kinaingia usaha kwa urahisi. Na wale wa diclofenac kila siku kutoka kwa kemisti, mwambie daktari, ziko siku utahitaji kuziacha, pamoja na dawa zozote za kufanya damu iwe nyepesi, na hata miti shamba unayokunywa kimya kimya.

Nani inamfaa? Aliyeanguka mjengoni pingili ikavunjika na haijashika. TB ama uvimbe uliokula mfupa. Mgongo uliopinda unaendelea kupinda. Kijana ambaye pingili ilikatika kwa nyuma tangu utotoni ikateleza mbele na inafinya neva. Mtu ambaye eksirei za kusimama zimeonyesha wazi pingili inasogea. Na yule ambaye diski imetokeza tena na tena baada ya kutolewa. Kwa hao, fizio peke yake inaweza kuwa ni kupoteza muda na nitawaambia hivyo hivyo.

Kwa mzee mwenye njia nyembamba, watu walikuwa wanawekewa vyuma kwa wingi sana, hadi watafiti wakaanza kulinganisha hizo njia mbili. Swedeni, 2016, wagonjwa 247 wa miaka 50 hadi 80, nusu wakafunguliwa neva tu na nusu wakafunguliwa na kuunganishwa, na baada ya miaka miwili hakukuwa na tofauti ya maana kwa vile walikuwa wanajisikia, hata wale ambao pingili ilikuwa imeteleza. Tofauti ilikuwa kitandani, vyuma siku 7.4 hospitali, wale wengine 4.1. Mwaka huo huo Wamarekani wakatoa utafiti wao mdogo wa watu 66 ukasema vyuma vina faida kidogo. Halafu Norwei 2021, watu 267 wote wenye pingili iliyoteleza kwa uzee, waliopata nafuu nzuri walikuwa kama 71% ya waliofunguliwa tu na 73% ya waliounganishwa, yaani karibu sawa, isipokuwa waliofunguliwa tu walirudi thieta mara nyingi kidogo, 12.5% kwa 9.1%. Mimi nikisoma hizo tatu naona hivi: mzee ambaye pingili imeteleza lakini haichezi sana, na shida yake ni miguu, aanze kwa kuuliza ile ndogo.

Na mwenye mgongo tu, bila mguu? Uingereza walichapisha 2005 utafiti wa wagonjwa 349, upande mmoja kisu cha kuunganisha na upande mwingine mazoezi makali, siku tano kwa wiki, wiki tatu mfululizo, pamoja na kuongea na watu kuhusu hofu ya maumivu. Tofauti ilikuwa ndogo sana. Baadaye mwongozo wa 2016 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, ukasema mtu wa maumivu ya mgongo tu asiunganishwe isipokuwa akiwa ndani ya utafiti. Hiyo siku tano kwa wiki huku kwetu ni nadra kuipata, najua, bima yenyewe inakuhesabia vipindi. Lakini nusu yake na mazoezi ya nyumbani bado ni kitu.

Vile utaishi nyumbani, na hapa ndipo wengi wanashikwa

Daktari atakwambia usiiname, usibebe, usijipinde, kwa wiki 6 hadi 12 hivi. Inasikika rahisi mpaka ufike nyumbani. Kama choo chenu ni cha kuchuchumaa, tafuta kiti cha plastiki kilichotobolewa ama komodi kabla hujalazwa, usingoje siku ya kutoka. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20, na wewe wiki za kwanza utaambiwa usizidishe kama kilo 4 ama 5, hiyo ni sufuria ya ugali na bado. Ukiishi Pipeline ghorofa ya tano hakuna lifti, ngazi zenyewe utapanda polepole ukishika reli na si mbaya, kutembea ndio dawa, tatizo ni nani atapandisha maji. Kufua kwa beseni chini, kupiga deki kwa tambara, kuwasha jiko lililo sakafuni, mtoto wa miaka miwili anataka kubebwa, zote hapana. Kama ni wewe mama wa nyumba na hakuna mtu wa kukaa nawe mwezi mmoja hivi, hilo ni la kuamuliwa kabla ya tarehe.

Kuamka kitandani nako kuna vile. Unakunja magoti yote mawili, unageuka kwa ubavu mabega na kiuno vikienda pamoja, miguu inashuka nje ya kitanda huku mkono wa juu na kiwiko vinasukuma godoro, unajipata umekaa. Ukijaribu kuinuka moja kwa moja kwa tumbo utajua siku hiyo hiyo kwa nini tunakataza. Fanya hii mazoezi kabla ya operesheni, baadaye utakuwa na dawa kichwani na hutasikia mtu.

Kazi ya ofisi watu wanarudi kati ya wiki 4 na 12, na ukae karibu na mbele kwa matatu, kiti cha nyuma kabisa kikipiga bampu unaruka. Boda, kama abiria, miezi mitatu usahau. Kama wewe ndio rider, ama unabeba mizigo Gikomba, weka akilini miezi 6 hivi na uwezekano wa kutorudi kwa ile kazi kabisa, na hili ni la kuambia familia mapema kushinda hata bei. Linganisha na ile operesheni ndogo ambayo mtu wa ofisi anaweza kuwa ameanza kuzoea kazi tena wiki ya nne.

Mtu akiunganishwa sehemu moja, watu wanaogopa atakuwa mgumu wote. Kwa kweli hutaona sana, nyonga ndiyo hubeba sehemu kubwa ya kuinama. Ukiunganishwa sehemu tatu nne, kufunga kamba ya viatu utaihisi.

Yanayoweza kwenda mrama

Zote mbili za kisu: kidonda kuingia usaha, utando wa neva kutoboka maji yakavuja, damu kuganda mguuni, neva kuumia. Kwa vyuma ongeza skrubu kukaa vibaya, mfupa kukataa kuota, na ile ambayo haitajwi sana, pingili ya juu ama ya chini ya pale palipofungwa kuchoka miaka ya baadaye kwa sababu sasa inafanya kazi ya jirani pia. Damu inapotea zaidi, muda thieta ni mrefu zaidi. Na kuna wale maumivu hayaishi hata kama picha inaonyesha kila kitu kimeshika vizuri, hasa wale walioingia na maumivu ya mgongo peke yake. Mtu akikuahidi utatoka bila maumivu yoyote, tafuta mwingine wa pili akusomee hizo picha, na si lazima awe kwa hospitali ile ile. Jina lake liangalie kwa rejista ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, iko mtandaoni. Awe daktari wa mifupa ama wa neva haijalishi sana, wote wanafanya hii kazi, muulize amefanya ngapi mwaka huu za aina yako.

Pesa

SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na kwa operesheni ya kupangwa kama hii hospitali inaomba idhini kwanza, kwa hivyo hakikisha michango yako imelipwa na jina lako liko sawa kwa mfumo kabla ya wiki ya kulazwa. Bima ya kampuni nayo soma kama inaweka kikomo kwa vyuma na kama shida uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga ina kipindi cha kungoja. Hospitali ya binafsi itakupa kwotesheni, usiikubali kwa simu, itisha ya karatasi. Angalia mistari: vyuma na skrubu viko ndani ama vinalipwa kando, na ni vya pingili ngapi, juu daktari akifungua akaongeza pingili moja bili inaruka. Daktari wa kulaza usingizi ako ndani? Kitanda cha HDU, wodi ya uangalizi wa karibu, usiku wa kwanza? Damu? Fizio ya wodini wanahesabu, ya baada ya kutoka mara nyingi ni juu yako. Uliza pia kutolewa nyuzi na eksirei za kufuatilia mfupa kama umeota, kama ziko ndani ama kila mara utafungua faili na kulipa upya.